Shoga, mwenzio nimejitia kushona koti

Shoga yangu,

Salamu nyingi, za siku tele? Najua umenuna, meseji zako mbili sijajibu na ile simu ya Jumapili niliiona inaita nikaiacha iite, ila ngoja nikwambie mkononi nilikuwa nimeshika nini labda utanisamehe. Nilikuwa nashona koti. Eeeh koti, tena la sufu nzito, lina kola lina mifuko lina bitana ndani, mimi huyuhuyu ambae mpaka juzi kazi zangu zilikuwa foronya mbili na ile sketi ya lastiki uliyosema imekaa kama gunia la viazi. (Sijasahau hiyo.)

Ilianza kwa kiherehere tu. Niliiona patani, zile karatasi za kukatia nguo, nikaipenda, na nje imeandikwa kabisa kwamba sio ya wanaoanza, mi nikajisemea hawa wanatisha watu bure, mshono si ni mshono. Kufungua ndani naambiwa vipande thelathini na kitu ukihesabu na vya bitana na stifu ile ya kukazia kitambaa. Nilikaa chini nikavitandaza sebuleni chote kikawa karatasi, nikavikunja tena, siku mbili sikuvigusa.

Kitu kimoja cha akili nilichofanya, na hapa nijipigie makofi mwenyewe, sikukimbilia kukata sufu. Nilichukua shuka kuukuu nikashona koti la majaribio kwanza, halina bitana halina mifuko, mwili na mikono basi. Nilivyolivaa mbele ya kioo nikashindwa kuinua mikono, mgongo umebana utadhani nimefungwa kamba. Nikafumua pale nyuma, nikaongeza sentimita 2, nikahamishia vipimo kwenye karatasi. Ingekuwa nimeshakata kile kitambaa saa hizi ningekuwa nakwambia habari za kizibao.

Sasa kukata. Sufu yenyewe nene, ukiikunja mara mbili inateleza huko chini, kwa hiyo nikaamua nikate kipande kimojakimoja kwa utulivu, chaki, pini, mkasi, najiona fundi kweli. Mwili nikashona, mabega nikaunga, nikapiga pasi na kitambaa chenye maji maji juu yake ukikaa vizuri unafurahi mwenyewe. Nikaja kwenye mikono. Wa kwanza nikauweka na pini, ukakaa. Wa pili hautaki. Naugeuza hivi, naugeuza vile, mara kiwiko kinaangalia mbele, mara ukikaa vizuri basi upande mbaya wa kitambaa ndo uko nje. Nimehangaika nao karibu saa nzima nalaumu patani, nalaumu cherehani ambayo maskini hata haijawashwa, mpaka nikaona zile alama za pembeni, si unajua upande wa mbele wa mkono unawekwa alama moja na wa nyuma mbili? Mikono yote miwili alama zake ziko upande uleule. Shoga nimekata mikono miwili ya kushoto!! Kumbe unapokata kimojakimoja mara ya pili karatasi inabidi uigeuze ilale uso chini, mi niliilaza vilevile. Sikulia, nilicheka, halafu nikalia. Bahati kitambaa kilibaki kipande, mkono ukatoka lakini kwa kubana, yaani ile kona ya pindo ilibaki upana wa kidole tu kutoka ukingoni.

Na kuuingiza ndo shughuli nyingine, maana mkono kwa juu unakatwa mkubwa kuliko tundu lake, wangu ulizidi kama sentimita 3 hivi, na hizo 3 zinatakiwa zipotee bila kuonekana hata kikunjo kimoja. Unashona mistari miwili ya hatua ndefu juu ya bega la mkono, unavuta uzi taratibu mpaka kitambaa kijikusanye, halafu unakipiga mvuke kinanywea. Sufu inakubali hiyo, ndo uzuri wake, nilikuwa naitazama inanywea chini ya pasi kama mchicha sufuriani. Mara ya kwanza nilikurupuka nikapeleka moja kwa moja kwenye mashine, nikatoa marinda matatu pale begani kama gauni la harusi. Nikafumua. Mara ya pili nikapiga bandi kwa mkono kwanza, yaani mshono wa kushikiza tu, hatua ndogondogo, nikajaribu kuvaa, nikarekebisha, ndo nikashona. Sasa hivi sishoni kitu kigumu bila bandi, hata mtu aseme nini.

Mifuko sitaki kuikumbuka sana. Ile ya kuchana, unashona mistari miwili sambamba kwenye koti zima lililokamilika halafu eti uchukue mkasi upasue katikati! Mwishoni unagawa kwenda kwenye kona mbili, na unatakiwa uishie nyuzi moja kabla ya mshono, ukizidisha umetoboa koti, ukipunguza kona inavuta inakuwa na ndita. Wa kushoto una ndita. Nimeupiga pasi mpaka basi, ndita ipo. Ukija usianze kuutafuta huo mfuko, nakujua.

Lakini bitana! Hapa ndo nilitaka nikusimulie tangu mwanzo. Unaunga bitana na koti nje kwa nje, zote zimegeuzwa ndani, mbele kote, shingoni, pindo la chini, mpaka mikono unaunganisha mwisho na mwisho, ukimaliza una kitu cha ajabu hakina mbele wala nyuma. Unaacha sehemu wazi tu kwenye mshono wa mkono wa bitana, yangu ilikuwa kama kiganja, na kwa hapohapo unavuta koti lote litoke. Koti zima! Nikaingiza mkono nikakamata kola, nikavuta, inatoka kidogo kidogo, sufu nzito inagoma, naogopa bitana isichanike, mara bega likatoka, mara mkono, mara fyuu lote likanijia mapajani na kola yake. Ilikuwa saa saba usiku nikapiga ukelele peke yangu. Kuvaa sasa, mkono wa kulia hauingii, umejisokota kama nguo iliyokamuliwa, nilikuwa nimeunga bitana bila kuangalia kama mshono umekutana na mshono. Nikaingia tena kwa tundu lilelile, nikafumua pindo la mkono, nikaunga upya. Kufumua nimekuwa bingwa mwenzangu, nafumua huku naongea na simu, sema simu yako ndo ilikuja wakati mbaya.

Basi limebaki la vifungo. Matundu manne. Nimefanya mazoezi kwenye vipande vilivyobaki, nimeshatoboa saba, na la saba ndo angalau lina sura ya tundu, hayo mengine yanafanana na jeraha. Mashine inakwama kwenye unene ule nimeshavunja sindano ya saizi 90, nimeweka 100 ambayo ni nene zaidi, inakwenda kidogo. Naogopa kugusa koti lenyewe, limetundikwa mlangoni wiki nzima nalizunguka tu.

Njoo Jumamosi basi, na uje na lile kopo lako la vifungo, kuna vile vikubwa vya kahawia ulivifumua kwenye koti la zamani, sijui kama ulishavitumia. We ukae pembeni unishikilie taa, mi nitatoboa.

Mwenzio wa mikono miwili ya kushoto