Ile namba yako ya bilioni nne

Kirumba, Mwanza

Ticha,

Mwangaluka! Huku wazima, ila mvua imetukomesha. Dagaa wa juzi hawajakauka, na aliyeniahidi turubai hapokei simu. Tuyaache hayo.

Ile namba uliyonitumia, 4,294,967,297, ukauliza kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, imenila usiku mbili. Kalkuleta ya dukani ina nafasi nane, namba ina tarakimu kumi, basi ikaandika E ikanyamaza. Nikachukua daftari la mauzo, nikaanza kugawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11... Nilipovuka mia usingizi ukanishinda.

Kumbe yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 32, ukajumlisha 1. Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa, alichukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, akajumlisha 1, akaona 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa, akaamini na hii inayofuata ni tasa vilevile. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akamuumbua: hii si tasa. Na ni Euler huyohuyo aliyethibitisha kwamba tasa yoyote inayoigawanya namba hii, ukiigawa kwa 64, lazima ibaki 1. Sababu utanieleza wewe mwenye chaki. Mimi kilichonifurahisha ni kupungua kwa kazi: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu! Kwa mwendo wangu wa kuanzia chini, 641 ni tasa ya 116.

Leo asubuhi nasubiri kivuko cha Kamanga, nimekalia gunia, nikaijaribu. 641 kwenye 4294 inaingia mara 6, baki 448. Shusha 9: mara 7, baki 2. Shusha 6, sifuri. Shusha 7, sifuri tena. Hapo nikadhani nimekosea, maana sifuri mbili zikifuatana kwenye daftari langu huwa nimesinzia. Shusha 2: 2672, mara 4, baki 108. Shusha 9: mara 1, baki 448. Ile ile ya mwanzo, Ticha! Shusha 7, ikawa 4487, na 641 mara 7 ndiyo hiyohiyo. Baki hakuna. Nilipiga ukelele mama mmoja wa ndizi akaniuliza nimeibiwa nini.

Kwa hiyo jibu lako: 641 mara 6,700,417. Hiyo ya pili ni tasa, usinitegee tena.

Ila ukoo wa namba hizi za Fermat una mambo. Kuna ndugu yake mmoja, 2 kwa kipeo cha 1,048,576, jumlisha 1, mwenye tarakimu 315,653. Inajulikana kwa hakika kwamba si tasa, lakini kigawo chake hakuna aliyekipata hata kimoja. Unajua gunia si la mtu mmoja, na huwezi kumtaja hata mwenye fungu moja.

Huyo usinitumie. Daftari limebaki kurasa nne, na bado sijaandika mauzo ya Jumanne.

Nisalimie nyumbani.

Wako wa dawati la nyuma