Mdogo wangu, arobaini ya mama haina kiingilio

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma halafu kimya. Basi nakuandikia hapa, hata kama utanuna kwamba nimeanika mambo ya nyumbani.

Nimesikia umemwambia shangazi kuwa arobaini ya mama utakuja ukiwa na hela ya kueleweka, la sivyo huji. Nani kakwambia kwenda kwenye arobaini ya mama yako kuna kiingilio?

Najua ni ile jioni ya kuanua matanga, kaka alipofungua daftari la michango pale jamvini. Fulani elfu hamsini, fulani laki. Alipofika kwenye jina lako akapiga mstari kwa kalamu nyekundu, akasema, "Wengine wamekuja na mdomo tu." Zile ndoo za dagaa zilizolisha msiba mzima hazikuandikwa. Miezi uliyomgeuza mama kitandani na kumfulia mashuka haikuandikwa. Nikasubiri useme. Ukainuka, ukaanza kukusanya vikombe! Kaka nimeshamsema na nitamsema tena, lakini vile vikombe, mdogo wangu, vinaniuma mpaka leo.

Unatuzidi sote kwa kazi. Alfajiri uko mwaloni Igombe unagombania dagaa wabichi, mchana unawageuza juani huku unafukuza kunguru. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi ya dagaa haitoki, mfuko unakauka. Sasa utu wako nao upande na kushuka na mwezi? Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Kila mtu, awe kachangia laki au hana hata nauli. Na mama hakuwahi kukuuliza umeleta nini. Alikuwa anauliza umekula?

Wanasema mimi ndiye niliyevunja kikao. Nilipaza sauti, ndiyo, ningefanyaje? Nilikusemea kwa kuwa wewe hukutaka kujisemea. Halafu kesho yake ukaenda kumwomba kaka radhi kwa niaba yangu! Nani alikutuma? Sikukosea, na radhi siombi.

Njoo, mdogo wangu. Kama hela haipo, njoo mikono mitupu. Kile kitenge cha mama kilicho kwako ukivae, wala usimpe wifi hata akikulilia. Daftari likifunguliwa, kaa. Vyombo wataosha wengine. Mimi nitakaa ubavuni kwako, na safari hii useme mwenyewe.