Risala ya Kikundi cha Watumiaji wa Viti Mwendo, Mtwara Mjini, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, Desemba 3

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na mitaa, viongozi wetu wa dini, waganga na wauguzi mliofika, wazazi, walezi na wanachama wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa na afya njema. Pili, tunakushukuru wewe Mheshimiwa kwa kuupokea mwaliko wetu na kwa kufika mwenyewe. Tunalisema hili kwa uzito wake, maana tumewahi kusoma risala mbele ya mwakilishi wa mwakilishi, naye akatuaga kabla ya wali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianzia chini ya mwembe kule Chikongola, kwa watu wachache waliokuwa wakisubiriana ili waende kliniki pamoja. Baadaye kikasajiliwa, kikapata katiba, akaunti ya benki na muhuri. Historia iliyobaki imo kwenye kabrasha ulilopewa.

Katika kipindi hiki kikundi kimepata mafanikio makubwa. Tumenunua viti vya plastiki na turubai, na mliokaa kivulini mnayaona mafanikio hayo kwa macho. Tumeshona sare. Tumeanzisha mradi wa kubangua korosho, na zilizopo mezani kwako, Mheshimiwa, ni za mikono yetu. Mradi wa kuku nao ulifanikiwa sana hadi ulipopita mdondo. Tumetoa pia elimu kwa jamii, na siku hizi baadhi ya madereva wa bajaji husimama bila kuuliza kwanza nani atakilipia kiti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto ni nyingi, ila leo kamati imekubaliana tusikuchoshe. Tuna jambo moja. Njia ya mteremko kwenye ofisi ya umma tuliyoahidiwa hatutaitaja leo.

Jambo letu ni bima ya afya na vifaa vya viti mwendo vya umeme.

Wapo wenzetu ambao mikono yao haina nguvu ya kusukuma gurudumu. Mmoja alikuwa mgema, akaanguka kutoka mnazini, shingo ikaumia. Wengine ni wa ajali za bodaboda. Hao kiti cha kawaida hakiwafai, wanahitaji cha umeme wanachokiongoza kwa kijiti. Tunawashukuru wafadhili, viti vililetwa, picha zikapigwa, na baadhi yenu mpo kwenye picha hizo. Tatizo ni kwamba msaada huja na kiti, na betri yake ikifa hakuna ajaye.

Tueleze kidogo, maana wengi hudhani betri ni betri. Kiti hiki kwa kawaida hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24. Ni betri za kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, kisha kuchajiwa tena. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi ili injini iwake, na ukiitumia kwenye kiti haichukui muda inakufa. Mafundi wetu wa mtaani wamejaribu, na hatuwalaumu, walitaka kusaidia. Tena ukibadilisha betri moja tu, ile kuukuu huivuta na mpya. Ongeza mchanga wa mitaa yetu unaoingia kwenye mota, chumvi ya bahari inayokula nyaya, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ukaunguza chaja. Gesi ya Mnazi Bay, ya hapa hapa mkoani kwetu, tunaisikia ikisifiwa kila mahali, tunajivunia, lakini chaja zetu hazijaisikia.

Kiti cha namna hii kinaweza kupita kilo 50 kabla mtu hajakikalia. Kikizima katikati ya mchanga, vijana wanne ndio wa kukitoa. Mwenzetu mgema sasa yuko kitandani, na kwenye kiti chake familia inaanika nguo.

Mheshimiwa, mtu huyu ana bima. Kadi anayo, michango inakatwa. Alipoomba betri na mto wa kukalia, fomu ya madai ilirudi na maelezo kwamba hiyo si huduma ya matibabu. Tukaambiwa ankara ya muuzaji kutoka Dar es Salaam imeandika “vifaa vya kiti” kwa mkupuo, ichambuliwe. Ikachambuliwa: betri, chaja, mto, tairi. Ikarudi tena, safari hii kwa sababu kila kimoja hakimo kwenye orodha. Tukauliza orodha iko wapi tuisome. Tunaisubiri.

Wakati tukisubiri, mwenzetu akapata kidonda cha mgandamizo makalioni, kile kinachomjia mtu anayekaa au kulala upande mmoja bila mto unaofaa. Hapo bima ikafungua mkono: kitanda, dawa, kusafisha kidonda, kulazwa mara ya pili. Hatulalamiki kwamba alitibiwa, tunashukuru. Tunauliza tu, kwa heshima yote, ni mhasibu gani anayelipia kidonda akakataa mto.

Tulisikia kwamba Marekani, katika bima ya serikali iitwayo Medicare, vifaa vya kiti huwa na namba zake za malipo, betri yake na mto yake, na mwaka 2023 waliongeza hadi mtambo wa kukiinua kiti juu. Wenyewe nao wananung’unika, maana fomu ni nyingi, daktari lazima athibitishe, na kwa kawaida asilimia 20 ya gharama humbakia mgonjwa. Lakini anayekataliwa kule anajua alichokataliwa na ana pa kukata rufaa. Sisi tunakataliwa kitu ambacho kwenye vitabu hakina hata jina.

Wala hatuombi jambo la anasa. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, yenye vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, ina viti mwendo vya umeme na mito ya kupunguza mgandamizo. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 20 inazungumzia vifaa vya kutembelea kwa gharama ambayo mtu anaimudu, na ya 25 inakataza ubaguzi katika bima ya afya. Na sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ikiwa ni kwa wote, Mheshimiwa, nasi tumo.

Kwa hiyo tunakuomba utufikishie Wizara ya Afya, kwa barua na si kwa salamu, kwamba kitita cha mafao, yaani ile orodha ya vinavyolipiwa na bima, kitaje betri za kiti mwendo, chaja, mto wa mgandamizo, tairi na matengenezo, kila kimoja kwa jina lake, bei yake na muda wa kubadilishwa. Fundi wa viungo bandia na vifaa saidizi aruhusiwe kuandika uhitaji huo hapa hapa mkoani, tusisafirishwe hadi Dar es Salaam kupimwa makalio. Na utukutanishe na wahusika wa bima, meza moja, pawe na muhtasari wa kikao.

Hili si geni. Wageni rasmi waliokutangulia walilisikia, wakasema kwa sauti nzuri, “Nalichukua.” Tunaamini walilichukua kweli, kwa sababu hatujaliona tena. Kwako wewe tuna imani kubwa zaidi, ndiyo maana hatukuombi ahadi. Tunakuomba tarehe ya hicho kikao, na Katibu ana kalenda mkononi.

Risala hii ina nakala mbili. Moja ni yako. Ya pili tunaomba uisaini sehemu ya “imepokelewa” kabla ya chakula, halafu ibaki kwetu. Pilau iko tayari.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Kikundi
Imesomwa na Katibu