Leso yako bado ninayo

Kisenyi, Kampala

Saida mpenzi,

Salamu nyingi. Mama hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Uliniuliza kwenye simu nilikasirikia nini Jumamosi, salio likaisha kabla sijakujibu. Basi nakuandikia.

Tulikuwa saluni, namsuka mama mmoja, televisheni ikamwonyesha Sheebah, yule mwimbaji wetu. Yule mama akaguna: "Mama wa mtoto anavaa vile?" Wote tukacheka. Ndiyo, Saida, hata mimi. Halafu nikakumbuka kwamba kabla hajajifungua, mwaka 2024, kwenye viti hivihivi swali lilikuwa "atazaa lini huyu?" Alipozaa, likageuka. Ukafuata wimbo wa Chameleone, mwimbaji wa kiume ambaye kwa umri anamzidi Sheebah kwa miaka kumi, na mteja wangu akaucheza kwa kichwa mpaka mstari ukanipotea. Habari za watoto wa Chameleone hakuuliza.

Unakumbuka Septemba 2023, Sheebah na mwimbaji mwenzake Cindy waliposhindana jukwaani Kololo? Kesho yake saluni nzima ilijadili mapaja na mawigi. Sauti ya Cindy, inayotikisa majukwaa tangu enzi za kundi lake la Blu 3, aliitaja mtu mmoja tu, fundi wa spika aliyekuja kuchaji simu. Waimbaji wa kiume, Bebe Cool, Bobi Wine na Chameleone, wamebishana miaka mingi nani mkubwa. Sijasikia mtu akiwapima viuno.

Najua utasema wanawake wenyewe ndio wanauza mwili. Wengine wanauza, sikatai. Lakini video za wanaume zimejaa wasichana waliovaa hivyohivyo, na lawama humwangukia msichana, si yule aliyemwita na kumlipa. Mwaka 2022 Sheebah aliposema hadharani kwamba mwanamume alimdhalilisha ndani ya gari kabla hajapanda jukwaani, watu wengi hawakuanza kwa kuuliza ni nani. Waliuliza alivaa nini. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwa sababu nimewahi kuulizwa vivyo hivyo na mjomba wangu, na mimi siimbi hata bafuni.

Halafu 2014. Mwimbaji Jemimah Kansiime alikamatwa kwa video ya wimbo wake akijipaka sabuni, akakaa rumande gereza la Luzira zaidi ya mwezi. Meneja wake wa kiume naye alikamatwa, kweli, lakini ni jina la nani ulilolisikia kwenye redio? Sheria yenyewe, ile dhidi ya ponografia iliyotiwa saini Februari mwaka huo, haikutaja sketi fupi popote. Wanaume wa mitaani waliisoma walivyotaka, wakawavua wanawake nguo mchana kweupe. Mahakama ya Katiba ilikuja kufuta vifungu vyake vikuu mwaka 2021, miaka saba baadaye.

Mimi na wewe tulipita stendi ya taksi wiki zile, mimi na sketi yangu ya kazini. Ulivua leso yako bila kusema neno ukanifunga kiunoni, tukatembea haraka tumeshikana mikono. Hatukuwa wasanii.

Yule mama anarudi Jumamosi kufumua. Nimepania kumuuliza juu ya sauti ya Cindy, nione atasemaje. Leso yako bado ninayo, ile yenye korosho. Nitampa dereva wa basi la Arua akuletee, ukinitumia na wewe samaki wakavu.

Wako,
Hadija