Msaada wa fedha za chuo Marekani una masharti

Mhariri,

Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili huku Marekani, hasa waliotoka Kongo wakapitia kambi za wakimbizi za Tanzania, huamini kwamba mtoto akishapata ruzuku ya Pell (fedha za serikali kwa wanafunzi wasio na uwezo, zisizorudishwa) na mkopo wa serikali ya shirikisho, fedha hizo ni zake hadi siku ya mahafali. Sivyo. Kila chuo kinatakiwa kisheria kupima maendeleo ya mwanafunzi, na asiyefikia kiwango hukatiwa msaada hata kama chuo chenyewe hakijamfukuza.

Kipimo cha alama kinafahamika: kwa kawaida ni wastani wa 2.0, yaani C. Kinachowanasa vijana wetu ni kipimo cha kasi, yaani kiasi cha masomo anachokamilisha mwanafunzi kati ya yale aliyojiandikisha. Kwa shahada ya krediti 120 (krediti ni kizio cha kupimia uzito wa somo), mwanafunzi hawezi kuendelea kulipiwa akishavuka krediti 180 alizojiandikisha, ndiyo maana vyuo vingi hudai amalize walau asilimia 67 ya masomo aliyoyaanza. Binti anayeanza muhula wa kwanza na krediti 15, kisha akaacha masomo mawili yenye krediti 6 kwa kulemewa na zamu za usiku kiwandani, atakuwa na asilimia 60, na alama za A katika masomo yaliyobaki hazitamwokoa. Chuo kinachopima kila muhula kinaweza kumpa onyo na kuendelea kumlipia kwa muhula mmoja, lakini onyo lenyewe huja kwa barua pepe ndefu ambayo wazazi wake hawataiona kamwe. Pell nayo ina ukomo wa mihula 12 ya masomo ya kutwa kwa maisha yote, na kuhama chuo hakuifuti hesabu hiyo.

Sipingi kuwepo kwa mipaka, kwa kuwa ni fedha za walipa kodi, nasi tumo. Ninalolalamikia ni namna inavyotekelezwa. Kanuni hazikilazimishi chuo kuingiza masomo ya matayarisho katika hesabu ya kasi, ila vipo vinavyoyaingiza, na anayeumia ni yule aliyekuja na Kiingereza cha kuungaunga.

Kuhusu rufaa ya kuomba kurudishiwa msaada uliokatwa, kanuni zinataja kifo cha ndugu, kuumia au ugonjwa, na mazingira mengine ya pekee. Hazikuishia kwa baba na mama. Baba mdogo aliyemlea kijana kule kambi ya Nyarugusu, Tanzania, anahesabika. Ugumu huanza pale ofisi inapodai cheti cha kifo cha mtu aliyezikwa kambini. Ninaviomba vyuo vipokee barua ya mchungaji au imamu anayeifahamu familia. Wanafunzi nao, wanapokata rufaa, waeleze kilichowaangusha na pia kilichobadilika tangu hapo, maana wengi huandika la kwanza wakasahau la pili, na kanuni inayataka yote mawili. Na anayefikiria kuacha somo apite kwanza ofisi ya misaada ya fedha, kabla tarehe ya mwisho ya kubadili masomo haijapita.

Msomaji wenu,
Marekani