YAH: MALALAMIKO KUHUSU GEJI MBOVU NA KASHA LA OKSIJENI LISILO NA OKSIJENI

Nungwi, 9 Februari 2026

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi tarehe 7 nilipanda boti yenu kwenda Mnemba kupiga mbizi mara mbili. Mbizi ya kwanza haina neno, hata kasa tulimwona. Malalamiko yangu ni ya mbizi ya pili.

Tulikuwa mita 22. Tulipofika chini geji yangu, ile inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini, ilisoma baa 180 (baa ni kipimo cha mgandamizo). Dakika 20 baadaye ilikuwa 180 ile ile. (Kuchelewa kushtuka ni kosa langu, nakiri.) Nikaigonga kwa kucha, mshale haukutikisika. Muda si mrefu nikawa navuta hewa kama mtu anayefyonza mrija uliokunjika, nikajua mtungi umekwisha. Mwongozaji wenu alinipa kifaa chake cha akiba cha kuvutia hewa tukapanda pamoja, na namshukuru sana. Lakini hewa yake haikututosha wawili, kwa hiyo kile kituo cha usalama, cha kusubiri dakika tatu kwenye mita 5 kabla ya kutoka majini, ambacho asubuhi mlituhimiza tusikiruke, tulikiruka.

Juu ya boti vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Huenda ilikuwa hofu tu. Ila anayepanda haraka anaweza kupata mapovu ya naitrojeni mwilini, na huduma ya kwanza ni oksijeni, papo hapo. Nahodha akafungua kasha la kijani lililoandikwa OKSIJENI. Ndani mlikuwa na machungwa, taulo mbichi na kopo la grisi.

Ofisini nilijibiwa, "Dada, tuko miaka tisa hapa, hatujawahi kupata ajali," kisha nikaonyeshwa fomu niliyosaini. Fomu yenyewe nililetewa boti ikiwa imeshang'oa nanga.

Nyambizi ya Titan nayo ilishawafikisha watu kwenye mabaki ya Titanic, karibu mita 3,800 chini, ikawarudisha salama mwaka 2021 na 2022. Abiria wake pia walisaini karatasi, na kifo kilitajwa humo. Tarehe 18 Juni 2023 ilisagwa na mgandamizo wa maji, wakafa wote watano, bosi wa kampuni akiwemo. Ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani ya 2025 ilisema ajali ile ingeweza kuzuilika. Najua mita 22 si mita 3,800. Mapafu yangu hayakuona tofauti.

Sidai nirudishiwe fedha. Nataka ndani ya siku 14 mnieleze kwa maandishi geji zenu zilipimwa lini mara ya mwisho na nani alizipima, pamoja na picha ya mtungi wa oksijeni uliojaa ndani ya kila boti. Mkikaa kimya, barua hii itakwenda Mamlaka ya Usafiri Baharini na Kamisheni ya Utalii.

Halafu kuna hili. Nimesikia geji ile ilisharipotiwa kuwa mbovu kabla ya safari yangu. Kampuni ya Titan ilimfukuza kazi mkurugenzi wake wa shughuli za baharini mwaka 2018, baada ya kuandika kasoro za chombo. Mwezi ujao nitapita tena Nungwi, na nitamuulizia kijana aliyeiripoti geji yangu. Nategemea kumkuta kazini.

Wenu,
Mteja wa boti ya Jumamosi