Wajumbe wa Jefferson Davis

Kwako Hawa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Hapa hatujambo, na mama anaendelea vizuri.

Umeandika kwamba kumpokea mjumbe hakumdhuru mtu. Mimi naona kunategemea ametumwa na nani. Mwaka 1861 majimbo saba ya Kusini mwa Marekani yalishajitenga, na rais wao, Jefferson Davis, akatuma watu watatu Washington: Martin Crawford, John Forsyth na André Roman. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, William Seward, akakataa kuonana nao. Angewapokea kama wajumbe wa nchi ya kigeni, angekuwa amekubali kwamba nchi hiyo ipo. Hapo namuunga mkono kabisa.

Kinachoniuma ni mlango wa nyuma. John Campbell, jaji wa Mahakama ya Juu na mtu wa Alabama, alikuwa akitoka kwa Seward na kuwapelekea wajumbe maneno ya matumaini: askari wa Marekani wataondolewa kwenye Sumter, ngome yao iliyo kwenye bandari ya Charleston, South Carolina, vuteni subira. Seward aliahidi kisichokuwa chake, maana mwenye uamuzi ni Rais Lincoln. Aprili 7 Campbell akauliza tena, akajibiwa kuwa ahadi ya Sumter imetimizwa, asubiri aone. Kesho yake gavana wa South Carolina akaarifiwa kwamba ngome inapelekewa chakula, yaani askari hawaondoki. Wajumbe wakafunga mizigo Aprili 11. Alfajiri ya tarehe 12, saa kumi na nusu, mizinga ya Kusini ikaanza kuipiga Sumter.

Hata hivyo usiwahurumie mno. Wakiwa bado wanasubiri Washington na kuzungumzia amani, makamu wa rais wao, Alexander Stephens, alisimama Savannah Machi 21 akatamka wazi kwamba jiwe la msingi la serikali yao ni kuwa mtu mweusi hayuko sawa na mweupe, na utumwa ndiyo hali inayomstahili. Hawa, kulikuwa na watumwa karibu milioni 4 Marekani nzima, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyetumwa kuwasemea!

Najua utanitajia Biafra iliyojitenga na Nigeria, jinsi sisi Tanzania tulivyoitambua Aprili 13, 1968, vita vikiwa vimeshapamba moto. Lakini Mwalimu Nyerere aliwatazama watu waliokimbia kuuawa. Kina Davis walijitenga ili waendelee kumiliki watu.

Campbell alijiuzulu ujaji, akarudi Kusini na kuitumikia serikali ile ile. Wewe unamwonaje? Nijibu upesi, na watoto wasalimie.

Wako,
Zainabu